Tuachieni njia za mugini

Siku ya Mungu asubuhi, mbele jua litoke, ukisimama kule muji unaishia utawaona. Wawili hapa, watano pale, kikundi kingine cha watu kumi wenye kuvaa mayo ya Mazembe na ya Lupopo, maana siku hiyo moja tu ya juma wanakubali kukimbia pamoja. Kijana wa posti ya usiku mwenye ametoka kazini na hajalala bado. Mama wa watoto wanne, kitambaa kichwani, na miguuni basketi za mutoto wake mukubwa. Muzee wa pansio: mwenye kutembea anamupita, lakini yeye anasema anakimbia, na siye tunamukubalia. Wote wanapiga futingi. Na wote, wakifika pa nyumba ya mwisho, wanaacha gudron na kuingia njia ya mugini.

Leo tunataka kusema juu ya zile njia. Tunajua kuna wenye watauliza: umeme unakatika kila siku, bei ya unga inapanda, mushahara unakawia, na nyinyi munaandika juu ya futingi? Mutuvumilie kidogo. Ni mambo ya kazi yetu kabisa, mutaona.

Inchi yetu hii ni nzuri kwa kukimbia, na mutu hawezi kuijua kama hajatoka ndani ya muji kwa miguu yake. Tuko juu: Lubumbashi iko karibu na metre 1200 kupita bahari, Likasi inazidi pale kidogo, Kolwezi iko karibu na 1450. Milima iko, lakini ni milima ya upole, inapanda polepole na kushuka polepole. Mwezi ya sita na ya saba, baridi ya asubuhi inaweza kushuka chini ya digri 10. Mvula hakuna, matope hakuna, na udongo mwekundu wa njia umekauka, umeshikana, na bado ni laini kwa magoti kupita gudron. Kando kuna pori, na vile vichuguu vikubwa kama nyumba. Kingine mutoto akipanda juu yake anaona mpaka mugini wa mbele. Unakimbia kilometa mbili, tatu. Unasikia kwanza jogoo, kisha harufu ya moshi, kisha unaona mama anafagia mbele ya mulango wake.

— Mwamuka, mama?

— Eyo, mwana. Nani anakufukuza?

Ile ulizo tumeisikia kila pahali. Mugini, mutu mwenye kukimbia ni mwizi, ao anafukuza mwizi, ao kuna mutu amekufa na yeye anapeleka habari. Kukimbia bure, na kisha kurudi kule ulitoka, ni akili ya watu wa muji. Lakini kisha miezi mbili, tatu, wanazoea. Wanaanza kukungojea. Watoto wanakimbia pembeni yako miguu chini, wanakupita, wanacheka, na hapo njo unajua kama haukuwa na mbio hata kidogo.

Kila muji una njia zake. Watu wa Likasi wanapenda upande wa Kapolowe, kule Lufira inapita, na wanakutana na watu wa kinga wenye kubeba samaki ya Tshangalele, wanaharakisha kuifikisha sokoni mbele jua liwe kali. Ao upande wa Kambove, kama miguu ingali na nguvu. Watu wa Lubumbashi wanaacha barabara ya Kipushi ao ya Kasenga na kuingia kati ya mashamba ya mahindi. Wa Kolwezi wanajua njia za upande wa Nzilo, kule maji ya Lualaba yamefungwa na baraji. Kuna upande mumoja tu, karibu na Likasi, wenye hatutatuma mutu hata kama njia yake ni nzuri namna gani: Shinkolobwe. Lile shimo serikali ililifunga mwaka 2004, na udongo wake ungali na uraniumu. Pale hapana futingi.

Juu ya nini kwenda mbali vile, na ndani ya muji barabara ziko? Jibu ni vumbi. Mutu mwenye kukaa tu anavuta hewa litri 6 ao 8 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu, inaweza kupita 60. Fanyeni hesabu: saa moja ya futingi nyuma ya makamioni ya madini, mapafu yanapokea vumbi kama ya mutu mwenye amekaa kando ya ile barabara masaa manane. Na vumbi ya kwetu si vumbi ya mahindi. Mwaka 2009, watafiti wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walionyesha kama watu wenye kuikala karibu na machimbo na mafabrike ya Katanga wako na kobalti nyingi sana ndani ya mukojo wao. Mwaka 2018 walitoa kazi ingine, ya Kolwezi, juu ya kartiye Kasulo, kule watu walichimba mpaka chini ya nyumba zao. Wenye walionekana na kobalti nyingi kupita wengine ni watoto.

Basi mutu wa machimbo anavuta vumbi juma nzima kwa kutafuta mushahara. Siku ya kupumzika anatafuta pahali mapafu nayo yapumzike. Mugini inamupa ile pahali, na haimuombi hata franka moja.

Wazee watakumbuka kama zamani haikuwa vile. Union Minière ilikuwa inatoa watu ku migini ya mbali, Kasai, Lomami, Rwanda, na kuwatia ndani ya kambi, na ndani ya kambi ilimupangia mutu kila kitu: nyumba, posho, uwanja wa mupira, sinema, serkle ya kunywea bia. Gécamines ilifuata ile njia. Kisha Gécamines ikaanguka, na mwaka 2003 wafanya kazi kupita 10.000 walitoka kwa ile waliita "départ volontaire", na kila mutu anajua ile kupenda ilikuwa ya namna gani. Kisha pale hakuna tena mwenye kutupangia muchezo. Uwanja mwingine umekuwa nyumba, mwingine umekuwa soko. Futingi ni kitu tulijipangia wenyewe, na ilihitaji vitu viwili tu: viatu, na njia.

Viatu tungali navyo. Njia njo zinafungwa.

Nitasema juu ya yangu mimi, maana njo ile naijua vizuri. Ilikuwa kilometa tisa, kwenda na kurudi. Ilitoka nyuma ya kambi, ilipita daraja ya miti, ilizunguka kichuguu kimoja chenye kanisa ndogo ya majani pembeni, iliingia migini miwili na kurudi katikati ya mashamba ya mihogo. Niliikimbia miaka nane. Siku moja ya Mungu, kisha kupita ile daraja, nikakuta fensi. Nguzo mpya, waya ya miba juu, kibao kwa Kifaransa na Kichina. Zamu mwenye alikuwa pale ni kijana wa kwetu, alinijua kwa sura.

— Baba, urudie. Batupatia amri: mutu mwenye atakimbia karibu na fensi, tunamuhesabia kreseri.

— Na batu ya mugini, banapita wapi?

Akaonyesha kwa kidole: kuzunguka. Kuzunguka ilikuwa kilometa nne zaidi, na nusu yake iko kandokando ya barabara ya makamioni.

Siandiki jina la ile sosiete. Haiko peke yake, na mwenye anasoma hii Kolwezi ao Kambove atafikiri naandika juu ya jirani yake.

Mimi nilipoteza njia ya futingi, ni hasara ndogo, nilitafuta ingine. Lakini juma iliyofuata nilirudi pale siku ya kazi, bila viatu vya mbio, nikakaa karibu na daraja masaa mawili. Kijana mumoja alifika na kinga yenye magunia matatu ya makala. Kinga ya makala hakuna mutu anaipanda, inasukumwa. Akaangalia fensi, akakaa chini, akafuta jasho, kisha akageuza. Magunia matatu, kilometa nne zaidi. Nyuma yake akaja mama na mutoto mugongoni, mutoto ana homa, anaenda santre ya afya yenye iko upande huu. Yeye hakukaa. Alizunguka palepale, na haraka. Na saa ya masomo kuisha, niliona watoto wadogo wanarudi nyumbani kandokando ya barabara kubwa, mukono mumoja umefunga pua, na kila kamioni ikipita wanapotea ndani ya vumbi, hauone tena hata kichwa. Shofere naye hawaone. Shofere mwenyewe ni mutu wa kwetu, ana watoto wa ile kimo.

Hapa njo tunafika kwa neno yenye ilitufanya tuandike. Ile fensi, nani aliipiga? Tunapenda kusema "Wachina", "wazungu", "bakubwa". Lakini mwenye alichimba mashimo ya nguzo ni mutoto wa kambi. Mwenye aliendesha mashini yenye ilisukuma njia na kuifuta ni mwenzetu wa posti ya kwanza. Topografe mwenye aliweka vijiti, tunasali naye kanisa moja. Siku ya kazi tunaifunga, siku ya Mungu tunaikuta mbele ya miguu yetu na tunashangaa. Hatukuuliza kitu wakati wa kuifunga, maana siku ile ilikuwa njia ya wengine.

Hatusemi kama mutu angekataa kazi. Mwenye nyumba na watoto hawezi kuacha nyundo chini juu ya njia ya futingi, na hakuna mwenye anaweza kumuomba vile. Lakini kuuliza haifukuzishe mutu. Tuko na delege wa sindika, tuko na mikutano ya usalama kila juma kule tunaelezwa namna ya kuvaa kofia na kufunga mukaba. Ndani ya ile mikutano, nani amekwisha kuuliza: hii konsesioni mupya, watu watapita wapi? Chefu ya mugini, yeye anakuja pa mulango wa sosiete, anakaa chini ya muti tangu asubuhi, anaambiwa mukubwa hayuko, arudi siku ya pili. Siye tunapita ule mulango kila siku na baji shingoni. Kinywa chetu kinafika karibu kupita chake.

Masosiete yana majibu yao, na majibu mengine ni ya kweli. Kule wanapasua mawe kwa baruti, mutu hawezi kupita, mwisho. Kule mashimo yako wazi, fensi inaokoa maisha. Kreseri nao wanaingia usiku, wanakufa ndani, na kisha sosiete inaulizwa. Yote ile tunaikubali. Lakini ile fensi yangu ilifunga pori tupu. Zaidi ya mwaka moja nyuma yake hapakuchimbwa hata shimo ya panya. Konsesioni ni kubwa kupita shimo, wanaifunga yote kwa siku moja, na kuchimba watachimba wakati watapenda.

Na njia ya katikati ipo. Kibarabara cha metre mbili kinachozunguka karibu, kilichotenganishwa na makamioni kwa mufereji ao kwa udongo uliolundikwa. Mulango mudogo wenye kufunguliwa asubuhi na magaribi, siku zenye hapana baruti. Kamioni ya maji yenye kumwangia barabara kule watoto wanapita, isimwangie tu mbele ya ofisi siku wageni wanakuja. Kibao kwa Kiswahili! Chefu kuambiwa mbele, siyo kisha. Hapo hakuna kitu hata kimoja chenye kushinda nguvu ya sosiete kubwa.

Feza nayo haikosekane. Kode ya machimbo, vile ilibadilishwa mwaka 2018, inaomba kila sosiete yenye kuchimba itoe 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wenye kuikala pale. Tena inaomba "cahier des charges", ndiyo mapatano yenye kuandikwa kati ya sosiete na watu wa mugini. Tumezoea kusikia kama ile feza inajenga masomo ao santre ya afya, na ni vizuri. Lakini santre ya afya yenye iko upande mwingine wa fensi inaponyesha nani? Wenye kukaa ku meza ya yale mapatano waandike njia pa mustari wa kwanza, na zile nyumba zifuate. Ikiwa mugini wako uko na mapatano, uliza kuyasoma. Haiko karatasi ya siri.

Sasa tugeukie wenyewe, wapiga futingi, maana tukisema juu ya sosiete peke yake tutakuwa tumejipendelea. Na siye tunaingia mugini vibaya. Kuna kikundi chenye kupita na redio ya nguvu mbele jua litoke, kama vile mugini ni uwanja wa mupira. Kuna wenye kukanyaga mihogo yenye kuanikwa pembeni ya njia na kuendelea mbio bila kugeuka. Mihogo ile ni bukari ya mutu ya juma nzima. Kuna wenye kutupa saché za maji. Kuna wenye kupiga watoto foto na kuziweka ku simu, bila kumuomba mama yao. Na neno yenye iliniumiza mimi mwenyewe: siku moja tulipita mbio katikati ya matanga. Watu walikuwa wamekaa chini, moto ulikuwa unawaka, siye na kaptula zetu na jasho letu, tunahesabu dakika. Muzee mumoja alitusimamisha, hakufoka. Alisema tu: "Bana, hapa muntu amekufa." Tulirudi juma iliyofuata na pole yetu ndani ya bahasha, na walitupokea, na walitupa munkoyo. Lakini ile haya ingali.

Kwa hiyo, ukifika pa nyumba ya kwanza ya mugini, punguza mbio. Salimia mutu mbele yeye akusalimie. Ukikuta matanga, tembea, ondoa kofia, simama. Nunua kitu: viazi, embe, bowa wakati wa mvula, chukua franka kidogo ndani ya soksi. Uzoee kupita na kumujua chefu kwa jina, na yeye akujue. Mama zetu wenye kukimbia, muende wengi, maana mugini ni salama lakini pori la katikati, hatuwezi kuapa. Mwezi ya nane na ya tisa, watu wakichoma pori, angalieni moshi uko upande gani mbele ya kuanza. Na wakati wa mvula majani yanapanda kupita kimo cha mutu, nyoka ziko. Njia ya katikati, macho chini.

Njia yenye watu wanaijua na kuitumia ni nguvu kuifunga. Ile yangu, siku ya fensi, mugini ulisema "tunapita hapa tangu babu zetu", na sosiete ikasema haikuona njia, iliona pori. Pale hakukuwa hata karatasi moja, hata jina moja. Siye wenye tuliikimbia miaka nane hatukuwa tumeiandika popote, na ile siku hakuna mutu mumoja wa futingi alikwenda kusimama karibu na chefu. Hata mimi sikuenda. Nilikuwa kazini, posti ya kwanza.

Basi tunaomba kitu kimoja kwa wasomaji. Mutuandikie njia zenu. Kila njia na jina watu wanaipa, inatoka wapi, inapita migini gani, kilometa ngapi, nani anaipita siku ya kazi. Kama imekwisha kufungwa, mutuambie tangu mwezi gani, na kama chefu aliambiwa mbele ao kisha. Mulete barua ku biro ya gazeti ao mumupe mwenye kuwauzia gazeti, ataifikisha. Jina lenu hatutalichapa kama hamutaki. Njia tutazichapa, moja kwa moja, ku huu ukurasa wa Kiswahili. Ya kwanza tumekwisha kuiandika: kilometa tisa, kutoka nyuma ya kambi mpaka kichuguu cha kanisa na kurudi kwa mihogo. Imefungwa pa daraja.